Maji ya Waipa Yasipuuzwe

Vuli inapokaribia hapa Mwanza, mwenye gari aliye makini hukagua breki, tairi na taa. Ni wachache wanaokumbuka kile kitangi cha plastiki chini ya boneti kinachobeba maji ya kusafishia kioo cha mbele. Kikibaki kitupu, hujazwa maji yoyote yaliyo karibu: ya bomba, ya kisima, hata ya ziwani yaliyochotwa pale gari linapooshwa. Ninachosema leo ni kwamba kitangi hicho kinagusa uhai wetu mara mbili, kwa macho ya dereva na kwa mapafu ya abiria, na kwa gari la biashara ni wajibu wa mwenye gari kukigharamia.

Tuanze na macho. Kiangazi cha Juni hadi Septemba hukausha raba ya waipa ikawa ngumu, ikapasuka kingo, huku vumbi likiganda kwenye kioo. Juu ya vumbi hilo huja wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaokulia kwenye tope la chini ya maji kisha kuibuka wote kwa pamoja, hasa mwezi unapoandama, wakapanda angani kama moshi. Upepo ukiwaleta nchi kavu, hupondeka kwenye vioo kwa mamia. Dereva akiwasha waipa bila maji ya kutosha, raba huwapaka kioo kizima kama siagi. Taa za lori linalokuja zikipiga hapo, kioo chote huwa cheupe na mwendesha baiskeli aliye pembeni haonekani tena. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita zaidi ya mita 60 kwa sekunde tatu tu. Na tangu Juni 2025, daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa, magari yanavuka ziwa usiku na mchana bila kungoja kivuko. Dereva asiyeona mbele hana pa kukwepea kule juu.

Sasa mapafu. Mwaka 2010 watafiti wa Uingereza walichapisha uchunguzi uliowalinganisha wagonjwa wa nimonia kali inayoletwa na bakteria wa Legionella na watu wazima wa afya. Waliona kuwa wanaotumia magari yenye maji matupu ya waipa, yasiyotiwa dawa ya kusafishia kioo, walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi, na wakakadiria kwamba jambo hilo huenda linahusika na mgonjwa mmoja kati ya watano walioupata ugonjwa huo mmoja mmoja katika jamii. Walipopima magari machache, bakteria walipatikana kwenye takriban gari moja kati ya matano yasiyo na dawa, wala hawakupatikana kwenye yenye dawa. Sababu inaeleweka: bakteria hawa hustawi kwenye maji yaliyotuama yenye joto la nyuzi 20 hadi 45, na maji yanaporushwa kwenye kioo huwa ukungu mwembamba wa matone unaoingia dirishani na kuvutwa puani.

Kuna atakayesema hayo ni ya Ulaya, hapa hatujawahi kuyasikia. Ni kweli kwamba uchunguzi ule ulifanyika kule, na peke yake hauthibitishi kwamba kuna mtu wa Igoma au Nyakato aliyeugua kwa njia hiyo. Lakini kumtambua bakteria huyu kunahitaji kipimo chake maalumu. Picha ya kifua huonyesha nimonia, haionyeshi imeletwa na nini. Ugonjwa usiopimwa hauwezi kuonekana kwenye takwimu. Tena Uingereza ni nchi ya baridi, ilhali kitangi kilicho jirani na injini ya moto, kwenye jua la Kanda ya Ziwa, huweza kukaa katika joto lile lile bakteria wanalolipenda. Wazee, wavutaji sigara na wenye kinga dhaifu ndio wanaoumia zaidi, na hao wote hupanda daladala.

Wengine watalalamikia gharama, na dereva anayedaiwa hesabu kila jioni ana haki ya kulalamika. Ndiyo maana mzigo huu ni wa bosi mwenye gari, na bei ya raba mbili na chupa ya dawa ni ndogo mno ukiilinganisha na ya kioo kipya, sembuse ya mazishi. Sabuni ya unga haitoshi: hubaki na mashapo yanayoziba matundu ya kurushia maji, na povu si dawa ya kuua vijidudu. Mwambie fundi akimwage kitangi, akisuuze, akijaze maji safi yenye dawa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na maji yasiachwe humo miezi mizima. Epuka dawa yenye methanoli. Huwekwa ili maji yasigande kwa baridi, shida ambayo Mwanza haipo, nayo ikinywewa hupofusha na kuua. Umoja wa Ulaya uliiwekea kikomo cha asilimia 0.6 katika dawa hizi mwaka 2018. Na kwa hofu ya sumu, dawa yoyote isihamishiwe kwenye chupa ya soda ambayo mtoto ataifikia.

Askari wa usalama barabarani wanapokagua magari, wasitosheke kuona waipa ikicheza. Waagize maji yarushwe na kioo kitakate mbele ya macho yao. Na wamiliki wa daladala wa Nyegezi, Buzuruga na Kisesa wasisubiri askari: kitangi kioshwe na raba zibadilishwe kabla vuli haijaanza.