Koroboi au Karabai? Mzozo wa Namba Mbili za Ulimwengu



Majuzi mwenzangu mmoja alinibana kwenye ngazi hapa Iyunga. "Namba zimegoma kupatana," akasema. "Fizikia imechoka, tuandike nyingine." Mhadhara huu ni jibu langu, naye namwona safu ya mbele.

Namba zenyewe mnazijua. Aliyesoma nuru kongwe kabisa kwa chombo cha Planck hupata kwamba ulimwengu unatanuka kwa kilomita 67.4 kwa sekunde katika kila miaka ya nuru milioni 3.26. Adam Riess na wenzake, wanaopima umbali wa galaksi kwa nyota za Sefidi, zinazofifia na kurudi kung'aa, na kisha kwa supernova, yaani nyota zinazolipuka, wanapata 73.

Nililelewa na bibi Tukuyu, kwenye ukungu. Usiku mmoja niliona taa bondeni, nikasema tumefika, ile ni koroboi ya jirani. Bibi akauliza, "Umejuaje ni koroboi?" Kumbe ilikuwa karabai, ng'ambo ya bonde la pili. Tulitembea saa nzima.

Edwin Hubble alipotelea bonde hilohilo. Mwaka 1929 alipata takriban 500. Kwa namba hiyo ulimwengu una miaka bilioni 2 hivi, ilhali mawe ya itale ya katikati ya nchi yetu yana zaidi ya bilioni 2.5. Mtoto kamzidi mama umri! Mwaka 1948 Hoyle, Bondi na Gold wakabuni ulimwengu usio na mwanzo, na aibu hiyo ya umri ilikuwa miongoni mwa sababu zao. Fizikia mpya, mwenzangu! Lakini mwaka 1952 Walter Baade alionyesha kwamba Sefidi ni za aina mbili, na umbali wa galaksi ukaongezeka maradufu. Mwaka 1958 Allan Sandage akabaini kuwa baadhi ya "nyota" angavu za Hubble ni mawingu ya gesi. Namba ikashuka hadi 75 hivi. Kosa lilikuwa kwenye taa.

Niruhusuni nichelewe kidogo kwa Henrietta Leavitt, aliyetufundisha kuzisoma taa hizo. Waraka wake wa 1912 una kurasa tatu tu, tena ulitoka kwa saini ya bosi wake, Pickering. Una Sefidi 25 za Wingu Dogo la Magellan, lile tunaloliona kusini jioni za Novemba mvua zisipotuwahi. Zote ziko mbali kwa takriban kiasi kimoja, kama taa za kijiji kimoja kilimani: inayong'aa zaidi ndiyo yenye nguvu zaidi. Leavitt akaona kwamba nyota inayochukua siku nyingi kufifia na kurudi ndiyo angavu zaidi. Hesabu siku, utajua ni koroboi au karabai. Kila mwaka naurudia waraka huo, na kila mwaka unanifundisha adabu.

Haki itendeke: darubini ya Webb, inayopenya vumbi, imezikagua Sefidi za Riess na kuzithibitisha. Hilo linaniuma. Lakini Wendy Freedman, akichanganya na nyota za aina nyingine, amepata karibu 70, katikati kabisa ya wagomvi.

Basi mwenzangu akikagua kila taa na pengo likabaki, kahawa ya Mbozi juu yangu. Kwa leo, namuuliza swali la bibi: umejuaje?