KUZISOMA NAMBA ZA MATOLEO YA PROGRAMU HURIA ZINAZOSIMAMIA MIPANGILIO YA KOMPYUTA

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa na Afisa Habari wa Wizara mbele ya watumishi waliokabidhiwa utunzaji wa kompyuta za ofisi.



Nimetakiwa nizungumze nanyi juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka laonekana dogo mno, nalo ni zile namba zenye nukta zinazofuata jina la programu, kama vile 2.10 au 3000.2. Mimi si fundi. Kazi yangu ni maneno. Lakini namba hizi nazo ni maneno, tena ni maneno ambayo mara nyingi husomwa visivyo, na hasara yake huja kubainika baadaye.

Kwanza tuelewane juu ya programu zenyewe. Zamani fundi aliyekuwa na kompyuta mia moja alikuwa hana budi kuziendea moja moja, akaiweka kila moja sawa kwa mkono wake. Mwaka 1993 Bwana Mark Burgess, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, alitoa programu ya CFEngine, ambayo kwayo fundi huandika mara moja tu jinsi anavyotaka kompyuta zake ziwe, na programu ikazitengeneza zote kwa mujibu wa maandishi hayo. Baadaye zikafuata Puppet mwaka 2005, Chef mwaka 2009, Salt mwaka 2011 na Ansible mwaka 2012. Zote zilianza kama programu huria, maana yake maandishi yake ya ndani yako wazi kwa kila mtu kuyasoma, kuyatumia na kuyarekebisha kwa masharti ya leseni yake. Faida yake ni kubwa. Lakini tukumbuke kwamba pale kompyuta mia moja zinapotii amri ya kompyuta moja, mwanya uliopo katika hiyo moja ni mwanya wa zote mia.

Sasa tuje kwenye nukta. Kosa la kwanza, nalo limeenea, ni kuidhani nukta hii kuwa ni ile ya desimali tuliyofundishwa skuli. Kwa hesabu ya desimali, 2.10 ni sawa na 2.1, nayo ni ndogo kuliko 2.9. Katika matoleo ya programu sivyo kabisa. Nukta hapa hutenganisha ngazi, kama tunavyotenganisha sehemu na vifungu katika sheria. Hakuna mwanasheria atakayesema kwamba kifungu cha 10 cha sehemu ya pili kinakuja kabla ya kifungu cha 9. Kwa hiyo Ansible 2.9, iliyotoka mwaka 2019, ni kongwe kuliko Ansible 2.10, iliyotoka mwaka 2020. Wenzetu wanaotunza orodha katika majedwali ya kompyuta wajihadhari zaidi, kwani jedwali likiachiwa liifahamu 2.10 kuwa ni hesabu, litaifuta sifuri ya mwisho bila ya kumuuliza mtu, na kwenye orodha itabaki 2.1, ambalo ni toleo jingine la miaka mingi nyuma. Safu hiyo ipangwe kuwa ya maandishi, si ya hesabu.

Katika kuzisoma ngazi zenyewe upo utaratibu uliopata sifa, ulioandikwa na Bwana Tom Preston-Werner, mmoja wa waasisi wa GitHub. Andiko lake la toleo la 2.0.0 ni la mwaka 2013. Utaratibu huo wataka namba tatu. Ya tatu ikipanda, pamerekebishwa hitilafu tu. Ya pili ikipanda, pameongezwa mambo mapya, lakini yale uliyokwisha kuyaandika yaendelee kufanya kazi. Ya kwanza ikipanda, ujue kuna jambo limevunjwa, na maandishi yako ya zamani huenda yakakataliwa. Ni utaratibu mzuri, na laiti wote wangeufuata mazungumzo haya yangeishia hapa.

Ukweli ni kwamba kila programu ina kuhesabu kwake. Puppet ilikaa miaka mitano katika namba zinazoanza na sifuri, ikafika 0.25, kisha mwaka 2010 ikatoka ikiitwa 2.6. Anayeitafuta Puppet 1.0 asijisumbue, haikuwahi kuwapo. Baadaye tena, kifurushi kilichoitwa puppet-agent namba 1.10 ndani yake kilikuwa na Puppet 4.10, hata wenyewe wakaona udhia, na mwaka 2017 walipotoa Puppet 5 wakazilinganisha namba za sehemu zake kubwa zianze zote na tano.

Ansible ndiyo inayowasumbua wengi zaidi. Hadi 2.9 kila kitu kilikuwa pamoja. Kuanzia mwaka 2020 ikagawanywa mafungu mawili: kiini cha programu, na kifurushi kikubwa chenye kiini hicho pamoja na makusanyo ya moduli yanayotunzwa na watu mbalimbali. Kiini kikaendelea na hesabu yake ya zamani, 2.10, 2.11, 2.12, na kuanzia 2.11 kikaitwa ansible-core. Kifurushi kikaruka kutoka 2.10 kwenda 3, iliyotoka Februari 2021, kikafuatiwa na 4 mwezi wa Mei mwaka huohuo, na kikaendelea hivyo. Matokeo yake ni kwamba Ansible 9 hubeba kiini cha 2.16, na Ansible 10 hubeba 2.17. Mafundi wawili waweza kubishana mchana kutwa, mmoja akisema anayo 10 na mwenzake akisema anayo 2.17, kumbe wana kitu kimoja. Na amri ya "ansible --version" huonyesha namba ya kiini, si ya kifurushi. Asiyelijua hilo hudhani kwamba alichokiweka jana hakikuingia.

Salt nayo ilikwenda kwa kalenda. Toleo la 2019.2 jina lake latokana na mwaka 2019, mwezi wa pili. Kila toleo kubwa lilipewa pia lakabu ya elementi za kemia kwa mpango wake, kuanzia haidrojeni mwaka 2014. Halafu Februari 2020 wakaiacha kalenda wakaanza kuhesabu kutoka 3000. Msidhani ni mwaka elfu tatu. Namba hiyo ni kubwa kuliko 2019, kwa hiyo kompyuta inayolinganisha matoleo huiona kuwa mpya kuliko zilizotangulia. Lau wangeanza na 1, kompyuta zingeona kwamba zinarudishwa nyuma.

Hapa ndipo napenda tutue kidogo, kwa sababu miezi miwili baadaye namba hizo zilitofautisha aliyefunga mlango wake na aliyeuacha wazi.

Wataalamu wa kampuni ya F-Secure walikuwa wamegundua katika Salt mwanya unaomwezesha mtu yeyote aliyeifikia kompyuta kuu kwa mtandao kuiamrisha bila ya neno la siri, na kwa njia hiyo kuziamrisha zote zilizo chini yake. Marekebisho yalitolewa mwishoni mwa Aprili 2020, katika matoleo mawili kwa pamoja: 2019.2.4 kwa waliobaki katika kalenda, na 3000.2 kwa waliokwisha kuhamia hesabu mpya. Hazikupita siku nyingi, mwanzoni mwa Mei, wavamizi wakaingia. LineageOS, wanaotengeneza mfumo wa simu, walivamiwa. Ghost, wanaohifadhi tovuti za waandishi, walivamiwa pia, na kompyuta zao zikatumiwa kuchimba sarafu za kidijitali kwa faida ya wengine.

Tazameni namba zilivyokaa. Mwenye 3000.1 alikuwa na namba kubwa na toleo la mfululizo mpya kabisa, na mlango wake ulikuwa wazi. Mwenye 2019.2.4 alikuwa na namba ndogo, ya mfululizo unaoonekana umezeeka, na mlango wake ulikuwa umefungwa. Aliyeulizwa akajibu "tunayo 3000" hakujibu kitu, kwa sababu jibu lote lilikuwa katika tarakimu iliyofuata nukta, ambayo wengi wetu huiona ni pambo.

Liko jambo jingine katika kisa hichohicho. Debian 10 ilikuwa ikigawa Salt 2018.3.4, toleo la nyuma zaidi. Watunzaji wa Debian hawakulipandisha. Walikishona kiraka juu ya toleo lilelile, na mwisho wa namba ya kifurushi wakaongeza alama inayosomeka deb10u1. Kwa mtu anayelinganisha na tangazo la waundaji wa Salt, 2018 ni ndogo kuliko 2019, basi angepiga mbiu ya hatari bure. Kwa hiyo yapasa kwanza kujua programu imetoka mkono wa nani: wa waundaji wenyewe, au wa msambazaji mwenye hesabu yake na matangazo yake ya usalama.

Kwa vitengo vyetu, basi, daftari la kompyuta liandikwe namba nzima kama mashine ilivyoitamka, pamoja na kila herufi ya mkiani, na pembeni iandikwe ilikotoka. Kwa Salt itumike amri ya "salt --versions-report", ambayo hutaja pia matoleo ya programu nyingine inazozitegemea. Kwa Ansible ziandikwe namba mbili, ya kiini na ya kifurushi. Ikionekana "rc" au "b" baada ya tarakimu, hilo ni toleo la majaribio linalotangulia toleo kamili lenye namba hiyo, wala halifai katika kompyuta za kazi. Na anayetoka Ansible 2.9 kwenda 2.10 au zaidi kwa njia ya pip, aiondoe kwanza ile ya zamani ndipo aweke mpya, kwa kuwa pip hushindwa kuipandisha moja kwa moja kutokana na ule mgawanyo nilioueleza.

Wenye maswali nitawasubiri hapa hapa mbele.