Friji, Balbu na Waya Mmoja

(Muziki unapanda, kisha unashuka)

MTANGAZAJI: Hapa Kakuma na kule Kalobeyei, mama mwenye duka, kaka kinyozi, leo tunazungumza juu ya ule waya unaotoka kwenye jenereta ya mtaa mpaka kwako.

Tuanze na maneno mawili. Volti ni kipimo cha msukumo wa umeme. Ampea ni kipimo cha mkondo, yaani umeme wenyewe unaopita ndani ya waya. Umeme wa jenereta hapa Kenya ni wa volti 240. Hauendi upande mmoja kama ule wa betri ya sola. Unaenda na kurudi, mara 50 kila sekunde. Huo huitwa mkondo geu.

Sasa chukua gunia la mahindi, ulivute mchangani. Ukivuta linasogea, ukiacha linasimama hapo hapo. Balbu ya waya na pasi ndivyo zilivyo: msukumo na mkondo hutembea pamoja.

Lakini mkokoteni uliojaa kuni je? Unausukuma, unachelewa kuondoka. Unaanza kuuvuta nyuma, wenyewe bado unaenda mbele. Mota ya friji au ya pampu iko hivyo. Ndani yake kuna waya uliozungushwa mara nyingi, na mkondo wake huchelewa nyuma ya volti.

Kuchelewa huko kuna gharama. Balbu za wati 120 huvuta nusu ampea. Friji iliyoandikwa wati 120 inaweza kuvuta ampea 0.8, kwa sababu sehemu ya mkondo inaenda na kurudi bila kufanya kazi. Tena mota inapoanza kuzunguka, kwa muda mfupi huweza kuvuta mara tano ya hapo au zaidi. Ndiyo maana friji ikiwaka, taa za jirani hufifia.

Hatari iko kwenye waya. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto ndani ya waya huongezeka mara nne. Waya mwembamba utayeyuka ganda lake, na nyumba zetu za turubai na miti zimebanana. Moto wa nyumba moja ni moto wa mtaa.

Basi ndugu yangu, kabla ya kuunga chombo kipya, fanya haya. Soma kibandiko nyuma yake, utafute namba iliyo kando ya herufi A. Hizo ndizo ampea. Jumlisha ampea za vyombo vyako vyote, usijumlishe wati peke yake. Mpelekee fundi hesabu hiyo, akuchagulie waya unaotosha. Waya wa kurefushia usiuache umeviringwa, ukunjue wote. Fyuzi ikikatika, usiweke kipande cha waya mahali pake. Na ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, zima kwenye swichi kuu kwanza, maswali baadaye.

Mwambie na jirani ambaye hakusikiliza, maana waya wake unapita juu ya paa lako. Kwaherini.

(Muziki)