Kabla Hujamwambia Arudi Masomoni



Leo nasema na mzazi mwenye kijana wa miaka 14, 15 au 16 anayetoka nyumbani kila asubuhi na shati jeupe, suruali ya buluu na mfuko mgongoni, lakini masomoni hafiki. Saa sita anarudi, anakula bukari yake, analala. Akilala, fungua ule mfuko. Toa kaye ya hesabu, tafuta tarehe ya mwisho aliyoandika. Kama ni ya mwezi uliopita, na jurnali ya klase imetiwa sahihi inayofanana na yako lakini si yako, basi jua kwamba kijana aliacha masomo zamani. Aliyebaki kuambiwa ni wewe.

Hapo wengi wetu tunafanya jambo lilelile. Tunaita kikao. Anakuja mjomba, anakuja yaya mkubwa, anakuja pasta, na kila mmoja ana hotuba yake: soma utakuwa mtu, soma utatusaidia. Kijana anainamisha kichwa. “Ndiyo, baba. Ndiyo, yaya.” Kesho yake njia ni ileile, ya kwenda kukaa kwenye parking na madereva wa pikipiki.

Hotuba ile haimwingii kwa sababu anaona. Kwenye avenyu yao yuko yaya aliyemaliza chuo kikuu, UNILU, na leo anaendesha manseba, pikipiki ya abiria. Nyumbani kwao yuko kambo aliyeitumikia kampuni ya migodi ya Gécamines maisha yake yote, kisha mwaka 2003 akarudishwa nyumbani pamoja na wenzake zaidi ya 10,000, kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa hapa Lubumbashi aliandika juu ya familia za wafanyakazi wa migodi na jinsi heshima ya baba nyumbani ilivyotikisika kampuni ilipoyumba. Wajukuu wa waliotikisika ndio leo tunaowahutubia. Ukimwambia mtoto wa nyumba kama hiyo kwamba diploma ni mkate wa uhakika, atanyamaza kwa adabu, ila neno lako la pili hatalisikia.

Kwa hiyo mimi naomba tuanze kwa swali. Ilikuwa siku gani? Kijana haachi masomo hivihivi. Iko siku moja kitu kilikatika, na mara nyingi ilikuwa siku ya aibu.

Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi katika shule za Serikali ni bure, jambo ambalo Katiba ya 2006 ililiandika katika kifungu cha 43. Ni jambo kubwa, wala simruhusu mtu alidharau. Lakini angalieni umri. Mtoto anasoma bure mpaka anamaliza ya msingi, kisha minervali, pesa ya shule, inaanza kudaiwa akiwa anaelekea miaka 13, wakati sauti inabadilika na macho ya wenzake yanaanza kumchoma. Jumatatu asubuhi, bendera imepandishwa, wimbo umeimbwa, anatokea mtu na karatasi. Majina yanasomwa. Wanaosomwa wanatoka kwenye mstari, wanavuka uwanja mzima, wanapita geti, na wasichana wa klase yao wanawaangalia. Mara ya kwanza kijana anarudi nyumbani na kusema ukweli. Anakuta mama hana pesa na baba ana hasira. Mara ya tatu anajitoa mwenyewe kabla hajasomwa. Ninyi mnamwita mvivu. Mimi naona mtoto anayejificha.

Si wote wana deni, bila shaka. Mwingine alirudia klase na sasa anakaa na watoto wanaomfikia kifuani. Mwingine alipigwa mbele ya wenzake. Msichana mwingine alipata mimba, akajifungua, na tangu hapo hakuna aliyemwuliza kama anataka kurudi. Mwulizeni. Wengi wanataka.

Atakayekupinga kwa maneno atakwambia: “Mimi nakwenda Kolwezi kuchimba, wenzangu wana simu, wana viatu.” Hapo usipige kelele, zungumza naye kama mtu wa biashara. Kule mchimbaji akileta mfuko wake wa kobalti, mnunuzi anaupima kwenye mizani, kisha anachukua kimashine wanachokiita Metorex, anakielekeza kwenye madini, kinatoa asilimia. Bei ya kilo inafuata asilimia ile. Mizani ni ya mnunuzi, mashine ni ya mnunuzi, hesabu ni ya mnunuzi. Mwaka 2016 Amnesty International ilichapisha ripoti juu ya machimbo hayo, na watoto waliofanya kazi humo walieleza kwamba hawakuwa na njia ya kuhakiki uzito wala ubora wa walichouza. Asilimia ni somo la kaye ile uliyoitoa kwenye mfuko. Mwonyeshe ukurasa.

Mwambie pia kwamba sheria inampa karata ya kuchimba mtu mzima tu, si wa miaka 15. Na mwambie habari ya Juni 2019, udongo ulipoporomoka kwenye machimbo karibu na Kolwezi na kuua watu wasiopungua 43. Sisemi umtishe. Lakini anakwenda kule, na ana haki ya kujua.

Pengine shida ni aina ya masomo. Kijana anayefungua redio mbovu na kuiunga tena amefungwa kwenye opsheni isiyo yake. Hapa mjini Wasalesiani wanafundisha ufundi Cité des Jeunes, na ufundi nao ni masomo. Kama aliacha ya msingi njiani na umri umempita, ziko senta za Serikali za kufidia masomo, miaka 6 ya msingi kwa miaka 3. Na kama ameshaanza kulala nje, nyumba ya Bakanja inapokea vijana wa barabarani. Hakuna aibu kwa mzazi kwenda kuuliza huko.

Ila kwa wengi dawa iko karibu zaidi. Jumatatu hii usimtume kijana peke yake. Vaa, toka naye, ingieni pamoja ofisini kwa prefe. Sema deni ni kiasi gani, sema utalipa kwa awamu ngapi, taja tarehe, na umwombe kwa heshima jina la mtoto lisisomwe tena uwanjani, madai yaletwe kwako. Maprefe wengi ni wazazi, watakusikiliza. Kijana akae palepale asikie baba au mama yake akijadiliana kwa ajili yake. Kisha msindikize mpaka mlango wa klase, na jioni mwombe kaye ya hesabu, akiwa macho safari hii, mtazame pamoja tarehe ya leo.