Gari Lililotua Mirihi Bila Dereva

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na wanakisomo waliohitimu)



Leo tuzungumze juu ya matangazo ya moja kwa moja. Mnayajua. Mpira unachezwa mjini, ninyi mko hapa na redio, goli likiingia mnapiga kelele pamoja na waliomo uwanjani. Tarehe 18 Februari 2021 yalitangazwa matangazo ya namna hiyo, lakini si ya mpira. Watu wa nchi nyingi walikaa mbele ya televisheni na simu kungojea gari litue juu ya sayari ya Mirihi. Hapa kwetu ilikuwa usiku, karibu saa sita.

Mirihi ni dunia nyingine, ndogo kuliko yetu. Inazunguka jua kama sisi. Usiku, ikiwa upande wetu, huonekana kama nyota nyekundunyekundu. Wamarekani ndio waliopeleka gari hilo. Walilipa jina la Perseverance, maana yake Ustahimilivu. Lilirushwa kwa roketi tarehe 30 Julai 2020, likasafiri karibu miezi saba. Halina mtu ndani. Lina magurudumu sita, na uzito wake ni kilo 1,025. Hayo ni zaidi ya magunia kumi ya mahindi, gunia la kilo mia.

Sasa, nimeulizwa mara nyingi: "Wale mafundi tuliowaona chumbani, wenye mashine mbele yao, ndio waliokuwa wakiliendesha gari wakati linashuka?" Jibu ni hapana. Na hapo ndipo penye jambo.

Hebu fikirini mtu anakata mti ng'ambo ya bonde. Unaona shoka limeshuka, kisha mlio ndiyo unakuja. Mlio umechelewa njiani. Habari za redio nazo husafiri, ila kwa mbio kubwa sana, kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Kutoka mjini hadi hapa hatuoni kuchelewa kokote. Lakini usiku ule Mirihi ilikuwa mbali nasi karibu kilomita milioni 204. Chukueni kalamu. Kilomita 204,000,000 gawanya kwa 300,000. Unapata sekunde 680. Gawanya kwa 60: dakika 11 na sekunde 20. Huo ndio muda wa habari kutoka Mirihi kufika hapa.

Na kushuka kwenyewe, tangu kuingia katika hewa ya Mirihi mpaka kugusa chini, kulichukua dakika 7 tu.

Mmeona? Mafundi wa Pasadena, huko California, walipopata habari kwamba gari limeingia hewani, saa zetu ilikuwa kama saa 5:48 usiku. Wakakaa kimya. Wengine walifumba mikono. Lakini gari lilikuwa limeshatua saa 5:44! Kwa dakika 4 nzima lilikuwa chini tayari, zima au limevunjika, na wao hawajui. Hata kama wangeona hatari, amri ya kuliokoa ingechukua dakika nyingine 11 kwenda. Ya nini tena?

Basi gari lilipaswa kufanya yote lenyewe, kwa amri lizopewa kabla. Lilikuja kwa mwendo wa kama kilomita 19,500 kwa saa. Hewa ikalisugua, ngao iliyo chini yake ikapata joto kali mno. Kisha likafungua mwavuli wa kupunguza mwendo, upana wake mita 21 na nusu. Lakini hewa ya Mirihi ni nyepesi, haifiki hata sehemu moja katika mia ya hewa yetu, kwa hiyo mwavuli peke yake hautoshi. Gari likauacha, likabebwa na mtambo wenye injini za roketi zinazopuliza moto kwenda chini. Ulipobaki kama mita 20 kutoka ardhini, mtambo ule ukaliteremsha gari kwa kamba, polepole, kama ndoo kisimani. Magurudumu yakagusa. Kamba zikakatwa, mtambo ukaruka ukaenda kuanguka mbali.

Na kuna moja linalonifurahisha kuliko yote. Mahali penyewe, bonde la Jezero, pana mawe, magenge na mchanga. Zamani sana palikuwa na ziwa, na mto ulimwaga tope lake pale, kama Rufiji inavyomwaga tope mwishoni. Ndiyo maana wataalamu walipataka, maana tope huweza kuhifadhi alama za viumbe wadogo wa kale, kama walikuwapo. Lakini kutua pale ni shida. Gari likapewa ramani. Lilipokuwa linashuka lilipiga picha za ardhi, likazilinganisha na ramani ile, likajua liko wapi, likachagua penye usalama. Lilisoma ramani lenyewe, tena kwa haraka kuliko mtu.

Amri zikiwa na kasoro, hakuna wa kusahihisha. Desemba 1999 chombo kingine cha Wamarekani, Mars Polar Lander, kilishuka Mirihi, na watu wakangojea sauti. Haikuja. Wachunguzi walisema yaelekea miguu yake ilipokunjuka hewani, mtikisiko ule ulichukuliwa kuwa ndiyo kugusa chini, injini zikazimwa kabla ya wakati. Gharama yote ile, kwa amri isiyoandikwa sawasawa. Wakiwauliza kwa nini wale watu walikuwa na hofu mwaka 2021, waambieni hilo. Hofu ya kazi iliyokwisha toka mikononi.

Mle chumbani walikuwa na karanga, jamani. Ni desturi yao tangu 1964, chombo chao kimoja kilipofanikiwa kufika mwezini baada ya vingine sita kushindwa, na siku hiyo kulikuwa na karanga. Watu wa hesabu, lakini karanga hawaziachi!

Saa 5:55 usiku mhandisi Swati Mohan akatangaza kwamba gari limegusa chini salama. Chumba kikalipuka kwa vifijo. Baada ya muda mfupi ikaja picha ya kwanza, ya vumbi, imeonyesha ardhi na kivuli cha gari lenyewe.

Lakini angalieni. Picha za gari likishuka zilizoonyeshwa usiku ule zilikuwa za kuchorwa, kuwasaidia watu waelewe. Filamu ya kweli, iliyopigwa na kamera za gari na za mtambo ule, ilitolewa tarehe 22 Februari. Wako waliochanganya, wakasema wamemwona muigizaji, kwa hiyo yote ni uongo. Si hivyo. Ukipewa picha, uliza: hii imechorwa au imepigwa? Imepigwa lini? Vyote viwili vina kazi yake.

Katika filamu ile ya kweli mwavuli unaonekana vizuri, una vipande vyekundu na vyeupe visivyo na mpango. Mhandisi mmoja akadokeza kwamba huenda kuna kitu kimefichwa mle. Watu wasiojuana, kila mmoja kwao, wakaanza kuhesabu. Kila herufi ilikuwa imepewa namba yake, A ni 1, B ni 2, na kila namba imeandikwa kwa rangi mbili tu. Katika saa chache wakausoma mwavuli. Yalikuwa maneno matatu ya Kiingereza, ya kuwahimiza watu wathubutu mambo makubwa. Na mviringo wa nje ulikuwa na namba za ramani, zinaonyesha mahali lilipo jengo lao kule Pasadena.