Maumivu Wakati wa Mamogramu: Wajibu wa Mtoa Huduma kwa Mama Aliyeko Kwenye Mashine

Mada kwa semina ya wataalamu wa mionzi, wauguzi na waratibu wa huduma za saratani



Nimeombwa nieleze namna ya kumsaidia mama anayeumia wakati wa kupigwa mamogramu. Nitakayosema ni maoni yangu ya kitaalamu. Simsemei mwajiri wangu, wala sikilengi kituo chochote.

1. Maana na hali ilivyo

Fasili nitazipitia haraka kwa kuwa kila aliyemo humu anazijua. Mamogramu ni picha ya eksirei ya titi. Kila titi hubanwa kati ya mabamba mawili na kupigwa picha mbili: moja ya juu kwenda chini, nyingine ya mshazari inayochukua pia nyama ya kuelekea kwapani. Asiye na dalili yoyote anafanyiwa uchunguzi wa awali; aliyekuja na uvimbe au chuchu inayotoa damu anatafutiwa ugonjwa.

Uingereza huwaita wanawake kwenye kipimo hiki kwa mpango wa taifa ulioanza mwaka 1988, kila baada ya miaka mitatu, kuanzia umri wa miaka 50. Tanzania hatuna mwito wa namna hiyo, na wengi wanaofika kwenye mashine zetu uvimbe wanao tayari. Tathmini ya huduma za afya ya matiti nchini iliyotolewa 2017 ilieleza kwamba takriban asilimia 80 ya wagonjwa hugunduliwa wakiwa hatua ya tatu au ya nne. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa saratani ya matiti ulioanzishwa mwaka 2021, linataka angalau asilimia 60 wagundulike hatua ya kwanza au ya pili. Tukiwa bado mbali hivyo na lengo, hatuwezi kumpoteza hata mama mmoja aliyekwisha kufika mlangoni kwetu, akaumia, akaondoka asirudi.

2. Kwa nini titi hubanwa

Titi likibanwa hutawanyika, nyama zilizolaliana zikaachana, na kinachojificha kikaonekana. Mionzi inayohitajika hupungua na picha haichezi. Mama akiambiwa kwamba doa halionekani kwenye kitenge kilichokunjwa mara nne mpaka kikunjuliwe, anaelewa mara moja. Aambiwe pia kwamba kubanwa hakusambazi saratani, maana hofu hiyo ipo na wengi huja nayo moyoni bila kuitamka.

3. Tatizo ninalotaka tulizungumze

Hapa naomba Mwenyekiti aniongezee muda.

Tumezoea kuyachukua maumivu kama tabia ya mashine, na uvumilivu kama kazi ya mama. Kwa miaka yote niliyofundisha vijana wa mionzi, nimeona sehemu kubwa ya maumivu ikitokana na namna tunavyofanya kazi, si na mashine.

Tuanze na nguvu ya kubana. Kanuni za Marekani zinataka mashine iwe na uwezo wa kufikia newtoni 111, na zinaizuia injini yake isipite newtoni 200. Hicho ni kipimo cha uwezo wa mashine. Hakimlazimishi mtu kumbana kila mwanamke kwa newtoni 111. Hata hivyo nimekuta vituo ambako namba moja imebandikwa ukutani na kila anayeingia hubanwa mpaka ifike. Nguvu ileile ikiwekwa kwenye titi kubwa hugawanyika kwenye eneo pana. Ikiwekwa kwenye titi dogo hukusanyika mahali padogo, na shinikizo huwa kubwa mno. Watafiti wa Amsterdam walilichunguza jambo hili wakapendekeza tufuate shinikizo, kiasi cha kilopaskali 10, badala ya nguvu moja kwa wote. Mashine nyingi tulizonazo hazioneshi shinikizo. Lakini macho na vidole tunavyo: ngozi ikishakazana na titi halipungui tena unene, kinachoongezeka ni maumivu peke yake.

La pili ni mkao. Kwenye picha ya mshazari, kona ya bamba ikichoma kwapani au kwenye ubavu, mama analia kwa sababu ya kona, titi lenyewe halijabanwa bado. Shusha au pandisha mashine ilingane na kimo chake, mwambie alegeze bega, nyoosha mkunjo wa ngozi ulionaswa pembeni. Mama mnene mwenye umri mkubwa huwa na ngozi laini chini ya titi, na ikivutwa kwa pupa huchanika. Aliyefanyiwa upasuaji au kupigwa mionzi ya tiba ana kovu lisilonyumbuka. Mwenye bega lililokaza hawezi kuinua mkono kwa amri. Haya yote yanajulikana kwa maswali machache kabla hajavua nguo.

La tatu ndilo lililonisumbua kuliko yote. Mama zetu wamelelewa kutopiga kelele. Aliyejifungua kimya husifiwa hadi uzeeni. Anapofika kwenye mashine na kuambiwa “vumilia kidogo, mama”, atavumilia mpaka machozi yamtoke na hatasema neno. Sisi tunaandika kwamba kipimo kimefanyika bila tatizo. Akifika nyumbani anamsimulia dada yake, shangazi, jirani na wenzake wa kikoba, na wote hao hatutawaona. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa Uingereza mwaka 2013 yalionesha kwamba miongoni mwa wanawake walioacha kurudi kwenye kipimo, kati ya asilimia 25 na 46 walitaja maumivu kuwa sababu. Ikiwa hali ni hiyo kwa wanaoitwa kwa barua, sisi tunaosubiri mama ajilete mwenyewe tuna sababu kubwa zaidi ya kujali.

Pendekezo la kuweka mstari mmoja wa maumivu kwenye fomu ya kipimo, kuanzia sifuri hadi kumi, nimelipeleka vikaoni miaka mingi. Jibu limekuwa kwamba litazingatiwa fomu zitakapopitiwa. Fomu zimepitiwa, na mstari huo haumo. Natambua taratibu za wizara na gharama za kuchapisha, na sina nia ya kumlaumu mtu. Lakini tusilolipima hatuwezi kulipunguza, na mama hawezi kuendelea kusubiri kikao kingine.

4. Kinachosaidia na kisichosaidia

Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2008 yalikuta kwamba kumweleza mwanamke mapema yatakayotokea hupunguza maumivu, na kumpa sauti katika kubanwa kwake pia husaidia. Parasetamoli iliyomezwa kabla haikuonesha faida. Mito laini ya kuweka kwenye bamba ilipunguza maumivu, ila kwa wachache iliharibu picha. Nchini Ufaransa, utafiti wa vituo sita uliochapishwa 2019, ukihusisha zaidi ya wanawake 500, uliwaachia baadhi yao waendeshe kubanwa wenyewe chini ya uangalizi. Maumivu yalipungua na picha hazikupoteza ubora. Naomba tuyatafakari matokeo hayo: mwanamke akipewa mamlaka, hubana vya kutosha.

Kuhusu siku, anayepata hedhi apangiwe wiki inayofuata hedhi, kwa sababu kabla yake matiti hujaa na kuuma. Anayenyonyesha anyonyeshe au akamue kwanza. Poda na manukato ya kwapani yaachwe siku hiyo, kwani chembe zake huonekana kama chokaa kwenye picha na kumlazimu mama kurudiwa, yaani kubanwa tena bila sababu.

5. Mapendekezo

Kila mama aelezwe kabla ya kuvua nguo: tutakachofanya, kwa nini tunabana, na kwamba kubanwa ni kwa sekunde chache. Aelezwe kwa Kiswahili cha kawaida. Mtu mzima aamkiwe shikamoo kwanza. Aliyeheshimiwa hulegeza mwili, na mwili uliolegea huumia kidogo.

Aulizwe kuhusu hedhi, kunyonyesha, upasuaji, bega, na kama aliwahi kuumia kwenye kipimo kilichopita.

Akubaliane na mtaalamu neno au ishara ya kusimamisha, na ishara hiyo iheshimiwe papo hapo. Naligusa tena suala la ukimya kwa makusudi, maana ukimya wa mama si ridhaa.

Injini itumike mwanzo tu, kisha kubana kumaliziwe kwa mkono, polepole. Namba zilizobandikwa ukutani ziondolewe.

Apatikane mtaalamu wa kike kila inapowezekana. Pasipowezekana, awepo nesi wa kike chumbani. Khanga safi iwepo ili mama afunue titi moja kwa wakati mmoja.

Wakuu wa idara wasipange wateja wengi kiasi kwamba dakika za maelezo zinakosekana. Nafahamu uhaba wa watumishi, na bado nalisema.

Mafunzo kazini yahusu mkao na mazungumzo, si kuendesha mashine peke yake. Vyuo navyo vipime ujuzi huo kwenye mitihani ya vitendo.

Mashine mpya zitakaponunuliwa, zabuni iulize kama zinaonesha shinikizo na kama mama anaweza kuendesha kubanwa mwenyewe.

Mama aliyeumia sana apigiwe simu ndani ya siku chache, aulizwe hali, na akumbushwe tarehe yake ya kurudi.

Maumivu yaandikwe, sifuri hadi kumi, kwa kila mama. Nimeshalisema juu na ninalirudia, kwa kuwa ndilo pendekezo lisilohitaji mashine mpya wala fedha za wafadhili. Vituo vilivyowakilishwa hapa havihitaji kusubiri fomu ya taifa. Kalamu na nafasi iliyo wazi pembeni mwa fomu iliyopo vinatosha. Ndugu Mwenyekiti, naiomba semina hii iazimie kwamba kila kituo kilichomo humu kianze kuandika namba hiyo kuanzia Jumatatu ijayo.