Usimfungie Ndani: Hatari ya Kuacha Pombe Ghafla

Maelezo ya afisa wa habari wa kaunti kwa wavuvi na wachuuzi wa samaki, ufuo wa Dunga, Siku ya Kimataifa ya Kupambana na Dawa za Kulevya, Juni 26

 

Sikuja kuwahubiria ubaya wa pombe. Mnaujua kuliko mimi. Utafiti wa NACADA wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Mkenya mmoja kati ya kila wanane, wa umri wa miaka 15 hadi 65, anakunywa pombe. Ukihesabu watu katika mashua mbili tatu, huenda umempata huyo mmoja, na pengine wenzake.

Nimekuja kwa jambo ambalo familia nyingi hazilijui: mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu anaweza kufa kwa kuacha ghafla.

Pombe hupooza ubongo. Ikiingia kila siku, ubongo nao hujikaza kuvuta upande wa pili ili mtu aweze kusimama na kufanya kazi. Sasa kamba ikikatika upande mmoja, nyinyi mnaovuta nyavu mnajua anayevuta upande ule mwingine huangukaje. Ndiyo maana mraibu akiamka mikono inatetemeka mpaka apate glasi ya kwanza, ile vijana wanayoiita kutoa loki. Anayetoa loki kila asubuhi si mtu wa starehe tena. Anajitibu.

Akikosa, kutetemeka, jasho na kutapika huanza saa chache baada ya glasi ya mwisho. Katika siku mbili za kwanza anaweza kushikwa na kifafa hata kama hajawahi kukiugua maishani. Siku ya pili, ya tatu au ya nne, wengine huchanganyikiwa: anaona wadudu ukutani, anajibu sauti zisizokuwepo, mwili unachemka, moyo unakimbia. Hapo ndipo watu hufa, na hapo ndipo wengi husema amerogwa, au ni chira. Mimi sibishani na mzee yeyote kuhusu chira. Ninachoomba ni kwamba hospitali iwe ya kwanza, mengine yafuate.

Kwa nini nayasema haya sasa? Kwa sababu uvuvi wa omena umefungwa tangu Aprili na utafunguliwa Agosti. Mfuko ukikauka, glasi nayo inakauka, bila mtu kupanga wala kuonana na daktari. Mwingine anaachishwa na nduguze: wanamfungia chumbani, wanaficha ufunguo, wanasema atazoea. Nia ni njema kabisa. Lakini chumba hicho kinaweza kuwa kaburi lake.

Na wenye mashua, nawasihi: aliyeacha pombe jana au juzi asipelekwe ziwani. Kifafa nchi kavu kinatisha. Kifafa usiku, katikati ya maji, hakuna wa kukueleza kilivyokuwa.

Vidonge vya usingizi na vya kutuliza vinavyouzwa vichochoroni vina hatari hiyo hiyo vikiachwa ghafla. Bangi na miraa ni tofauti. Anayeziacha hukosa usingizi na kuwa mkali, mvumilieni.

Mtaniuliza, na serikali? Ni kweli, Katiba imeipa kaunti kazi ya kutoa leseni za pombe na kudhibiti dawa za kulevya, na chang'aa isiyo na leseni itaendelea kumwagwa, kwani ikitiwa methanoli inapofusha na kuua. Kwa maoni yangu, hata hivyo, msako pekee ni nusu ya kazi. Mtungi ukimwagwa Obunga leo, kuna mtu atakayekuwa anatetemeka kesho asubuhi, na huyo hatuwezi kumwaga.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Akitaka kuacha, mpelekeni kituo cha afya kabla hajaacha, mkaseme wazi anakunywa nini, kiasi gani, na kama aliwahi kupata kifafa. Kuna dawa za kushusha ubongo polepole, pamoja na vitamini B1. Akianguka, mlazeni ubavu, ondoeni mawe na moto karibu naye, msimtie kijiko wala chochote mdomoni. Kisha, iwe ni usiku au mchana, mkimbizeni hospitali ya Jaramogi, ile wengi wetu bado tunaiita Russia. Mkitaka ushauri, nambari ya NACADA ni 1192, haitozwi malipo.

Muuguzi tuliyekuja naye ameketi pale kando ya banda la samaki mpaka saa saba. Anayeona haya kusimama mbele za watu anaweza kumwambia amekuja kupima presha.